Marashi ya Papa Rabo

Asubuhi hiyo ya Jumamosi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kijiji cha Kingi, milimani nje ya Goma, na watu wa benchi la Mama Adelaïde walikuwa wameshika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili ili vidole vipate joto. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya visiki viwili, mbele ya kibanda anamochemshia kahawa. Walikuwa wamekaa watatu. Mwalimu Gustave, mstaafu, wanamwita Diksionere kwa sababu hakuna neno asilolijua, na asilolijua hulitunga. Samy wa pikipiki wanamwita Bila Freni, yaani bila breki, na si kwa ajili ya pikipiki, ni kwa ajili ya mdomo wake. Katikati yao alikaa Byamungu, fundi seremala, anayeitwa Papa Rabo kwa sababu ya randa yake isiyopumzika, ambayo kwa Kifaransa huitwa rabot. Leo alikuwa amevaa koti na viatu vya kanisani, na kahawa yake ilikuwa inapoa bila kunywewa.

Sababu ilijulikana. Saa tisa alasiri alitakiwa afike kwa baba mdogo wake Victorine, mjane wa kule juu karibu na parokia, kwenda kumposa. Mke wa Byamungu alikufa miaka sita iliyopita, na tangu hapo hakuwa amemtazama mwanamke mwingine mpaka Victorine alipoanza kuimba kwaya.

Kisichojulikana kilikuwa lile kasha dogo ndani ya mfuko wa koti.

— Papa Rabo, hiyo kitu inavimba mu mufuko ni nini? aliuliza Samy. Biblia ao bunduki?

— Ni marashi, alijibu Byamungu polepole. Nilinunua Goma.

Hakuwaambia kwa nini. Miezi miwili nyuma alimpelekea Victorine kiti alichokuwa amemtengenezea. Victorine aliinama kukipokea, akamkaribia, mara akageuza uso upande kwa haraka. Byamungu alirudi nyumbani akinusa mikono yake njia nzima: mbao, gundi, utomvu, jasho. Toka siku hiyo alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Ndipo aliposhuka Goma, akamwambia mwenye duka: “Unipe marashi ya mwanaume wa heshima, ya mahali pa baridi, yenye kufunika harufu ingine yote.” Akapewa kasha lililofungwa kwa plastiki. Hakulifungua. Alilitunza kwa ajili ya leo.

— Leta nisome, alisema Mwalimu Gustave akivaa miwani. Wameandika “bois chaud”. Bois ni mbao. Chaud ni moto. Mbao ya moto.

— Soma muzuri, Mwalimu.

— Nasoma muzuri! Ya wanaume, ya hiver. Hiver njo ile kipindi Wazungu banakuwaka na baridi ya kuua muntu. Ndani bameweka cèdre, hiyo ni muti. Bameweka mudalasini, tumbaku na ngozi.

— Ngozi ya nani? Mama Adelaïde aliruka na birika mkononi.

Byamungu alichana plastiki, akajipulizia kwenye kifundo cha mkono. Akanusa. Akabaki vile vile, mkono puani, macho wazi.

Kwanza ilikuja ile harufu kali ya msumeno unapoingia mara ya kwanza ndani ya mti mkavu. Kisha utomvu. Kisha utamu kidogo, kama chai ya mudalasini, na nyuma yake moshi wa nyumba ambamo moto umewaka toka jana. Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa karakana yake siku ya mvua, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa amesafiri mpaka Goma kununua kile alichokuwa akijisugua kukiondoa kila jioni.

— Lakini hii iko weye! Samy alipiga kelele. Papa Rabo, bamekuweka mu chupa!

— Haiwezekani, alisema Byamungu.

— Mi nitakueleza, alisema Gustave. Mbao ya pori ya Walikale inapita hapa kila siku mu magari, sivyo? Inafika Ulaya. Banafanya meza. Ule unga unabaki chini banaufanya nini? Banauchemusha, banaweka mu chupa, banaturudishia.

— Mwalimu, juu ya nini Muzungu apende kunuka kama fundi?

— Juu anashinda mu biro, mu ofisi! Mikono yake haijawahi kushika kitu. Asubuhi anajipulizia, bibi yake anasema: ah, bwana yangu ametumika kazi.

— Bongo, uongo mutupu! Samy alisimama. Hiyo ni dawa ya nyuki. Wanaume ya kule banapaka, nyuki banabafuata mpaka nyumbani, banapata asali bila kupanda muti. Papa Rabo, ukifika kwa bakwe na nyuki nyuma yako, usiseme sikukuambia.

Mama Adelaïde hakucheka. Alikuwa ameinamia mkono wa Byamungu, akanusa mara mbili, akarudi nyuma na kujifanyia ishara ya msalaba.

— Mi naijua hii harufu, alisema. Inanuka sanduku mupya. Sanduku ya maiti.

Byamungu alitazama mikono yake. Sanduku la mke wake alilichonga mwenyewe, usiku mmoja na asubuhi moja, kwa sababu hakutaka fundi mwingine amguse. Na Victorine naye alizika mume. Kama Mama Adelaïde amenusa kifo, Victorine atanusa nini? Alitoa kitambaa, akaanza kujisugua mkono. Alimwaga kahawa yake juu ya kifundo, akasugua tena. Marashi yalikataa kutoka. Yalizidi kupata joto.

— Siendi, alisema. Mwalimu, utaenda kubaambia niko mugonjwa.

— Nani iko mugonjwa?

Wote waligeuka. Victorine alikuwa amesimama pembeni ya kibanda, kitambaa kichwani, viatu vimejaa matope ya kilima. Samy alimpisha benchini bila kuambiwa, na Mwalimu Gustave akavua miwani. Byamungu alificha mkono nyuma ya mgongo.

— Bwana asifiwe, Mama Victorine, alisema Adelaïde.

— Amina. Papa Byamungu, nimekuja mapema, mbele wazee hawajaikala. Kuko kitu haujue, na sitaki ukijue kisha ya kutoa dote ya mahari.

— Mi najua, alisema Byamungu. Ni harufu yangu. Siku ya kiti uligeuza uso.

Victorine alimtazama kwa mshangao wa kweli.

— Siku ya kiti? Ulikuwa na unga ya mbao mpaka ku nyusi! Niligeuka juu nisikucheke. Harufu gani?

— Yangu. Ya mbao.

— Papa, mi sisikiake harufu. Tangu ile homa ya miaka tatu iliyopita, ata moja. Nilikuwa naunguza chakula, bashemeki, bandugu ya bwana yangu, banasema nimerogwa. Njo kitu nilikuja kukuambia.

Mama Adelaïde alikaa chini juu ya jiwe, birika mapajani. Wakati huo Victorine aliiona chupa benchini, akaishika, akaigeuza.

— Na hii? Inanuka aje?

Swali dogo. Alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akajikohoza, akatafuta neno, akalikosa. Alimtazama Samy, Samy akatazama pikipiki yake. Alimtazama Mama Adelaïde, naye akainamisha kichwa. Neno alilokuwa nalo hakuthubutu kulirudia.

Byamungu alitoa mkono nyuma ya mgongo. Aliutazama, kama anayetafuta pa kuanzia kukata.

— Unaweza kusikia joto?

— Joto nasikia.

— Basi. Ni kama jua ikipiga ubao muchana muzima, kisha magaribi unaweka mukono pale. Jua imeenda, lakini ubao bado inaikumbuka. Iko vile.

Victorine alichukua mkono wa Byamungu, uliochubuka kwa sabuni na kulowa kahawa, akaufunika kwa viganja viwili pale pale mbele ya watu, akafumba macho.

— Haiko mubaya, alisema mwishowe.

— Haiko mubaya, alikubali Byamungu.

— Lakini harage nitaunguza. Nakuambia ukweli mbele ya hawa watu, nitaunguza. Ikianza kuungua utaniambia?

— Nitakuita.

— Ata kama uko mu kazi?

— Ata kama niko juu ya paa.

Victorine alifumbua macho, akaachia mkono, akajipangusa matope ya viatu kwa jani.

— Basi saa tisa, alisema. Baba mudogo hapendi muntu wa kuchelewa.