Bibi Haloo na Nguzo za Kilimani

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio kazini, na wewe unayeugulia kitandani, karibuni. Leo tunamkumbuka mkunga. Tulimzika Jumamosi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Haloo. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilitolea jasho.

Alizalisha akina mama katika zahanati tangu usichana wake. Aliishi nyumba za watumishi, nyuma ya wodi. Mtu akishikwa na uchungu, waligonga dirisha lake, naye akatoka. Alipostaafu, yeye na mumewe, fundi seremala, walihamia nyumba yao mpya kilimani. Saruji bado ilikuwa inanukia. Milango yote mzee aliichonga kwa mkono wake. Nyumba nzuri, ila haikuwa na simu. Ninyi vijana mnielewe: nazungumzia simu za waya. Za mkononi zilikuwa hazijafika.

Hata rangi hawajamaliza kupaka, msiba ukatokea. Mke mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, alishikwa na uchungu mchana kweupe, huko bondeni. Mumewe akapanda mlima mbio kumtafuta mkunga. Nyumba mpya zote zilifanana. Akagonga huku, akagonga kule. Alipompata, na waliposhuka, walikuwa wamechelewa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Yule mzee seremala ameniambia hivi: "Alirudi akakalia ndoo ya rangi. Nikamwambia, mke wangu, wewe umestaafu. Akanijibu, 'Mimi nimestaafu. Uzazi haujastaafu. Kesho naenda ofisi ya simu.'"

Akaenda. Msimamizi akamwambia waya unaishia chini ya mlima, kwa hiyo asubiri. Mkunga akasema haya, atasubiri. Akavuta kiti, akasubiri pale pale mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake akarudi na sindano zake, akawa anafuma soksi za vichanga. Wakamzoea. Karani mmoja mwenye mimba akawa anapimwa tumbo nyuma ya kaunta. Aliyekuja kulalamikia simu mbovu aliambiwa asubiri, karani apimwe kwanza.

Mwishowe msimamizi akamwita mezani kwake. Hakuwa mtu mbaya, kazi tu ilikuwa imemzidi. "Mama, nikwambie kweli. Mafundi ninao. Waya ninao. Nguzo sina. Hata ukihamia hapa na kitanda, sina."

"Ungetaja nguzo tangu siku ya kwanza, mwanangu," mkunga akasema, "soksi hizi nisingezifikisha huku."

Sasa, nyuma ya nyumba yao kulikuwa na magogo. Marefu, yamenyooka, yametiwa dawa ya mchwa. Mzee alikuwa ameyaweka ajengee karakana yake, ndoto yake ya miaka. Jioni ile mkunga akasimama anayatazama.

"Usiyatazame hivyo magogo yangu," mzee akamwambia.

"Sitazami magogo," akajibu. "Natazama nguzo."

Wakanuniana. Mzee mwenyewe anakiri: "Nilikula nimempa mgongo. Nilikuwa na haki, na mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Halafu asubuhi moja nikamkuta njiani, na umri wake ule, anachimba shimo peke yake kwa sururu. Ningefanyaje? Nikamnyang'anya sururu, nikachimba."

Baba wa yule mtoto aliyefariki akaja na koleo. Akaanza shimo la pili. Majirani kuona vile, wakatoka mmoja mmoja. Nguzo zikasimama, nguzo za karakana, mpaka mlangoni. Msimamizi akaja mwenyewe kuzikagua, akazitikisa, akaita mafundi. Simu ikaunganishwa.

Basi ikawa kimya. Siku zikapita, simu hailii. Mkunga akawa anainua mkonga wa simu asikilize kama iko hai. Ilipolia mara ya kwanza, alikuwa mtu anatafuta bucha.

"Hapa hatuuzi nyama, baba," mkunga akamwambia. "Lakini kwenu kuna mjamzito?"

Alikuwapo, dada yake. Namba ikaenda kwa dada, kwa mashoga wa dada, ikateremka bondeni kote. Akipigiwa, hakuuliza wewe nani. Alisema, "Haloo, uko wapi?" tayari kiatu kimoja kiko mguuni. Ndipo likaja jina la Bibi Haloo. Watoto aliowapokea kwa simu ile wamejaa mtaani, na baadhi yao mnanisikiliza sasa. Mzee naye? Aliranda mbao sebuleni miaka yote, vumbi likiingia kwenye uji.

Mwezi uliopita mkunga alilazwa. Siku moja akaomba simu ya wodini, akapiga nyumbani. Mzee alikuwa bustanini anamwagilia. Akaja anahema, akapokea.

"Umekawia," mkewe akamwambia.

"Nilikuwa nje, mke wangu."

"Na ningekuwa mjamzito je?"

Wakacheka wote wawili. Asubuhi yake akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, tunampa pole mzee seremala, wanawe, wajukuu, na wakunga wote waliofundishwa naye. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu moyoni mwake: mwenye shida akinitafuta leo, atanipata? Kama njia ya kukufikia haipo, mama huyu ametuonyesha la kufanya. Shika sururu.