Kamba Haikukatika

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Denis, zima hiyo simu. Kama kuna mteja wa pikipiki atasubiri, mimi ndiye siwezi kusubiri. Agatha, acha kulia, sijafa bado, na ukilia sasa hivi utanipotezea maneno niliyoyatafuta miaka ishirini na moja. Na wewe, shemeji Hosiana, weka chini huo uji, njoo ukae kwenye kigoda hapa mbele yangu, kwa sababu haya ninayoyasema ni yako kabla hayajawa ya watoto hawa.

Mali ni kidogo, nitaimaliza haraka. Ng'ombe sita walioko Samuye kwa binamu yangu ni wa Denis na Agatha, mgawane sawa, na asije mtu akasema mtoto wa kike hana ng'ombe, nitamsikia hata huko nitakakokuwa. Nyumba hii ya Ushirombo ni ya Hosiana mpaka naye afumbe macho, asiguswe. Ile nyumba ya Segese yenye fremu mbili za maduka si yangu kuigawa. Naona mnatazamana. Tulieni, nitafika huko.

Sikilizeni sasa. Mmekua mkijua kwamba baba yenu mdogo Raphael, mume wa huyu Hosiana, alikufa kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, kule Segese kwa sababu kamba ilikatika, na kwamba ilikatika kwa sababu mjomba wenu Kalisti, mwenye duara, ndugu wa tumbo moja na mama yenu, alinunua kamba mbovu kwa ubahili wake. Hamjawahi kumpa hata shikamoo. Siku tuliyomzika mama yenu alikuja kwa basi kutoka Katoro, akasimama pale barabarani na kofia mkononi, na wewe Denis ukaenda ukamfukuza kama mwizi wa kuku, na mimi nilikuona, nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Kamba haikukatika, wanangu. Kamba ilifunguka.

Haya, nimelisema. Jamani, neno dogo namna hii! Hamkuwahi kujiuliza kwa nini mimi silitamki? Mlango ukifunguka nasema umeachia. Ndama akifunguka nasema ametoka. Mlikuwa mnanicheka, mnasema mzee ni Msukuma wa porini, Kiswahili kilimpita kushoto, nami nacheka nanyi huku roho inaniungua. Mwaka jana, kwenye ubatizo wa Noela, bintiyo, Denis, padri alipomgusa mtoto masikio na mdomo akasema, "Funguka," nilitoka nje ya kanisa nikawaambia ni kifua kimenibana. Hakikuwa kifua.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Kalisti alikuwa ameleta kamba mpya ya manila, ya bluu, ndefu kuliko za wenzetu wote, akasema hataki mtu afe kwenye duara lake, na ile ya zamani ya katani tukaitupa pembeni. Kazi ya kuwafunga watu kiunoni kabla hawajashushwa ilikuwa yangu, na mimi, mtoto wa wafugaji, nilifunga fundo nililolijua tangu utotoni, lile la kumfungia ndama pembeni mama yake anapokamuliwa, ambalo ukivuta ncha mara moja linafunguka lote. Kwenye katani fundo hilo linashika, kwa kuwa katani inakwaruza. Manila inateleza. Kalisti aliniambia, "Shemeji, kamba hii ni laini, piga mafundo mawili, tena uyavute." Nikamjibu, "Wewe nunua kamba, kufunga niachie mimi." Niliona ananifundisha kazi mbele za watu.

Raphael naye aliuliza, akiwa ameshakaa ukingoni, anacheka: "Kaka, umefunga vizuri?" Nikamwambia, "Shuka bwana, mimi nilikuwa nafunga ng'ombe wewe bado unanyonya." Basi hilo ndilo neno la mwisho nililompa mdogo wangu. Ndoa yake ilikuwa na miezi mitatu.

Alikuwa hajafika chini, uzito ukatutoka mikononi ghafla, na kamba tulipoivuta ilikuja nyepesi, nzima, haina hata uzi mmoja uliochomoka, na ncha yake imejikunja bado pale lilipokuwa fundo. Wenzangu wakakimbilia duara la jirani kuomba watu wa kushuka. Nikabaki peke yangu ukingoni, na badala ya kumwita mdogo wangu kwa jina lake, nikachukua jiwe nikaiponda ile kamba, nikaiponda mpaka ikakatika na nyuzi zikachanuka, kile kipande chenye mkunjo nikakitia mfukoni. Hosiana, hakuteseka, hilo walioshuka waliniapia, nami nakuapia wewe. Waliporudi nikasema, "Imekatika." Sikumtaja Kalisti. Nilijua watamtaja wenyewe.

Kalisti alifika mbio. Akaitazama kamba, akalitazama lile jiwe lenye nyuzi za bluu, kisha akanitazama mimi, akajua. Nilingoja aseme. Lakini mama yenu alikuwa ameshafika, amenishika mkono, Agatha yuko mgongoni, na Kalisti akamtazama dada yake, akanyamaza. Watu walimtoa Segese kwa mawe. Duara likabaki kwangu, na dhahabu iliyotoka mle ndiyo iliyojenga ile nyumba yenye fremu mbili. Sasa mmejua ni ya nani.

Na mama yenu, Nyamizi wa watu, wiki yake ya mwisho, kwenye kitanda hiki hiki, aliniuliza, "Baba Denis, hebu funguka, kati yako na kaka yangu kuna nini?" Nikamwambia, "Lala, Mama Denis." Akalala. Hilo linaniuma kuliko hata duara, kwa sababu duarani nilishikwa na woga, lakini pale nilikuwa na siku nzima ya kumjibu, nyumba imetulia, hakuna wa kunipiga wala kunikamata, na bado niliona aibu. Amekufa akidhani kaka yake ni muuaji. Nilimnyima kaka yake, wanangu, nikalala naye kitanda kimoja.

Agatha, ng'wanawane, mwanangu, lete maji. Kidogo tu... basi, inatosha. Chini ya kitanda kuna kopo la maziwa, ndani yake kuna soksi, na ndani ya soksi kuna kipande cha kamba ya bluu. Msikitupe. Denis, utakwenda wewe Katoro, tena usipige simu, uende mwenyewe. Utamkuta anatengeneza baiskeli karibu na soko. Umpe shikamoo kabla hujakaa. Umkabidhi hicho kipande mkononi, na hati ya ile nyumba. Usimwombe anisamehe, mwambie tu baba amesema ilifunguka. Na siku ya mazishi, kabla ya udongo, watu wa Segese wakiwapo, asisimame mtu kusoma historia ya marehemu mpaka mmelisema hilo kwanza. Mjomba wenu akija, kamba za kunishushia jeneza afunge yeye. Asipokuja, fungeni ninyi. Mafundo mawili. Muyavute.

Hosiana, mbona umesimama? Mwache, Agatha, usimshike, aende. Ana haki yake. Miaka ishirini na moja ananipikia, hakuolewa tena, kila Novemba ananiomba nimsindikize kaburini kwa Raphael, nami namsindikiza, nashika jembe, napalilia... Ningekuwa yeye, uji ule ningemmwagia mtu usoni. Nilikupenda kama ndugu, shemeji, na nilikudanganya kila siku. Ameshatoka? Fungueni dirisha, jamani. Pumzi haitoshi.

Nani huyu? Mkono wa nani huu shingoni? Ni wewe... unanifungua kifungo. Umerudi, shemeji. Sistahili. Wabeja. Asante sana, Hosiana.

Wanangu, pigeni magoti, niwashike vichwa. Mungu awafungulie njia. Awape kula, awape watoto watakaowaambia makosa yenu mkiwa hai. Msiwe na... msiwe kama mimi.

Denis. Liseme, nilisikie kwako. Si "ilikatika". Hapana. Tena, kwa sauti, hata wa barabarani asikie.

Ndiyo. Hivyo hivyo... umwambie mjomba.