Begi la Safari

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa mzee fundi wa mabegi na muuguzi aliyetoka zamu. Hawakujuana, ila foleni ya magari ilikuwa haisogei, wakaanza kuzungumza.

"Mimi na mke wangu tulipanga kuzunguka dunia, mwanangu," alisema fundi. "Nikaanza kushona begi la ngozi la safari. Akisema twende, namwambia subiri, mshono huu haujakaa sawa, nafumua. Miaka ikapita."

Mimi ningenunua la dukani, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Kwani halikuisha?" aliuliza muuguzi.

"Liliisha. Binti yetu akaenda nalo masomoni, kisha wadogo zake wakapokezana. Limefika nchi kumi na moja. Limerudi juzi, na mke wangu sasa haoni. Alilipapasa lote, akaniuliza, 'Baba watoto, ni mshono upi tuliokuwa tunausubiri?'"

Muuguzi alimgeukia. "Mpeleke hivyo hivyo, mzee wangu. Utamsimulia njiani."

"Ndivyo nilivyomwambia. 'Tunakwenda, mke wangu, subiri tu nibadilishe zipu.'"

Muuguzi alifungua mdomo amjibu, lakini basi likawa limefika kituoni, na fundi akashuka haraka kuwahi duka la zipu.