Mguu wa Owiti na Wasaidizi Wake

Jumapili hiyo kahawa ya kijiweni Tassia ilikuwa moto, na Owiti, golikipa wa timu ya wazee, alikuwa anajisikia kijana. Saa kumi wangekutana na wazee wa mtaa wa Fedha, na binti yake Awiti angemwona akidaka kwa mara ya kwanza. Kwa furaha hiyo aliinuka ghafla kuagiza kikombe kingine, shavu la mguu wa kulia likakaza kama jiwe, akarudi kwenye benchi akipiga mayowe. Aliona aibu. Mchezaji gani huumia akiagiza kahawa?

— Buda, tulia! — alisema Jackton, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kuwa bawabu wa zahanati. — Huo ni wa kukanyaga. Lete nipande.

— Utauvunja, — akadakia Ngigi, maarufu kama Profesa kwa kutowahi kukosa jibu. — Shida ni soksi za mtumba. Mzungu mwenyewe aliacha maumivu yake humo ndani.

— Soksi ni mpya! — Owiti akalia.

— Basi ni damu. Imejaa mguu huu, ule mwingine hauna kitu. Tuvute ule mzima, damu igawanyike.

— Hapo umeongea, Profesa! — Daktari akasema.

Owiti alijua ni ujinga mtupu, lakini aliogopa kumvunja Awiti moyo, akawaachia. Daktari akashika kisigino cha kushoto, Profesa akamkumbatia Owiti kiunoni, wakavutana hadi paja likalia.

Hapo akafika Nthoki, anayekanda wakimbiaji uwanjani, amekuja zake kunywa kahawa. Akawasukuma kando. Aliukunja mguu wa kulia polepole mpaka mahali usipouma, akaushika hapo kwa viganja bila kubonyeza.

— Pumua tu, mzee.

— Mbona Owiti hapigi kelele? — Daktari akanong'ona. — Hii si masaji.

— Manze, huyu Nthoki amesahau kuvuta, — Profesa akasema.

Owiti alihisi msuli ukiachia taratibu, karibu atoe machozi kwa raha.

— Huu uko sawa, ungecheza nao, — Nthoki akasema. Akagusa paja la kushoto, Owiti akaruka. — Lakini huu umechanika. Leo hudaki. Kwani huu ulipatwa na nini?

Daktari akachungulia kikombe chake. Profesa akainama kukagua soksi za Owiti. Ng'ambo ya barabara Awiti alikuwa ameshafika, anampungia baba yake mkono.

— Huo, — Owiti akasema kwa uchungu, — ulisaidiwa.