Risala ya Wadarizi kwa Daktari Aliyelichoma Jicho la Fundi Shen

Mgeni rasmi, Daktari wa macho Lu Wanqing; mzee Pan, seremala wetu wa fremu; ndugu waalikwa:

Sisi wadarizi ishirini na watatu wa Karakana ya Mtaa wa Mfereji, hapa Suzhou, tunasema karibu sana. Chai imeshamiminwa. Daktari, barua yetu ilisema tunakualika kupokea zawadi. Ni kweli, ila si kweli yote, na tunaomba radhi mapema.

HISTORIA
Fundi wetu Shen Yuezhen, huyo aliyenuna safu ya kwanza, amevaa miwani ya kuonea mbali tangu ana miaka sita. Vioo vyake ni vinene kama kitako cha chupa. Miaka ishirini na miwili iliyopita alimrudishia mzee Pan fremu ya kudarizia mara tatu.

"Wewe Pan, umekunywa? Fremu imepinda!"

"Dada Shen, weka rula uone mwenyewe."

Akaweka. "Ala! Hata rula yako imepinda!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kumbe kilichopinda kilikuwa ndani ya jicho lake la kulia, ambako damu ilikuwa ikivuja nyuma. Tulipoteza wiki tatu kwa kicheko, na hilo linatuuma hadi leo.

Wewe uliizuia damu kwa kuichoma kwa leza. Ulimwambia wazi kwamba kovu litabaki, na huenda likapanuka. Limebaki, na limepanuka. Akimtazama mtu usoni kwa jicho hilo, anaona masikio tu.

MAFANIKIO
Daktari, hapa maneno yanatuishia. Tangu mwaka ule, kila asubuhi Fundi Shen hulifunika jicho la kushoto, lile zima, kwa leso, akavua miwani, akainama mpaka pua inakaribia kugusa hariri, akadarizi nusu saa kwa jicho la kovu. Hatazami pale anaposhona. Anatazama pembeni kidogo, na uzi mwembamba, sehemu moja ya kumi na sita ya uzi wa kawaida, unaingia palepale. Jamani! Tumekaa naye miaka yote hii na bado tunaacha sindano zetu tumwangalie. Tukimuuliza, anajibu: "Najiwekea akiba. Nyie chekeni tu."

CHANGAMOTO
Jumatatu aliita tena: "Pan, fremu imepinda."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Pan alitoka nje akalia. Ni jicho la kushoto, Daktari, lile zima. Tumemsihi aje kwako, hataki. "Nilichomwa mara moja, inatosha. Akiba ninayo, jicho hili la kovu."

MAOMBI
Ombi letu ni moja. Tunasikia siku hizi kuna sindano ya dawa badala ya kuchoma kwa leza. Hatusemi haiachi kovu, wala hatudai ahadi kwako. Mwambie tu kwa mdomo wako mwenyewe, kabla chai haijapoa, kwamba kila siku anayongoja inalila jicho lake. Sisi hataki kutusikiliza. Wewe atakusikiliza.

Zawadi yenyewe ni paka huyu wa hariri. Kwa desturi yetu macho hudariziwa mwisho, na fundi mkuu peke yake. La kulia amelidarizi kwa jicho la kovu: tembea huku na huku, litakufuata chumba kizima. La kushoto bado ni kitambaa kitupu. Aliliacha hivyo Jumatatu.

Kwa hiyo zawadi hatukupi leo. Leo ondoka na Fundi Shen. Fundi, utatukasirikia kesho. Paka atakungoja hapa.

Daktari, mkono wako uwe mtulivu, na macho yako yadumu.

Ni sisi, Wadarizi wa Mtaa wa Mfereji.
Imesomwa na Gu Peilan, mwanafunzi wake wa kwanza, aliyecheka kuliko wote.