Mjomba Anaiacha Sosi ya Jumatano

Baada ya miaka thelathini na mmoja jikoni, mpishi mkuu wa kantini yetu, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mjomba, anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Hata mkurugenzi, ambaye kwa umri ni kama kaka yake mkubwa, humwita Mjomba. Hakuna anayekumbuka nani alianza. Mwenyewe hudai kwamba ukoo huu alipewa bila kuulizwa, na kwamba wapwa wengi kiasi hiki, wote wenye njaa kwa wakati mmoja, si mzigo ambao mtu angeutafuta kwa hiari.

Alikuja kushona, si kupika. Tulimwajiri katika chumba cha cherehani, kushona vitambaa vya magodoro, na kazi yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa bakuli lake la mchana. Alipolifunua, cherehani zote zilinyamaza na wenzake wakawa wanasogeza viti. Kwa hiyo mpishi wa zamani alipoacha kazi ghafla, uongozi haukutafuta mbali. Mjomba aliombwa ashike jiko hadi Jumatatu tu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo.

Kilichokuwa ndani ya bakuli lile ni marinara, sosi ya nyanya ya Kiitaliano. Alifundishwa na mama mwenye nyumba wake wa wakati huo, mjane aliyekuja mjini humu kutoka mbali, ambaye kila alipoikumbuka nyumba aliyoiacha alibandika sufuria la nyanya. Chumba cha Mjomba kilipakana na jiko hilo. Alianza kwa kuombwa amenye vitunguu saumu, akaishia kukabidhiwa sufuria zima. Wale kati yetu waliofika hapa na sanduku moja tunamwelewa yule mama bila maelezo. Mtu anaweza kusahau jina la mtaa aliokulia, lakini harufu ya jiko la kwao haimwachi.

Sosi yenyewe haina siri kubwa. Nyanya zilizoiva hasa huchovywa kwenye maji ya moto, humenywa, kisha hupondwa kwa mkono. Vitunguu saumu hupita kwenye mafuta kwa moto mdogo, vikianza tu kubadilika rangi nyanya zinaingia. Karoti iliyokunwa hukata uchachu, na majani ya rihani huja mwishoni kabisa. Baada ya hapo ni subira, jambo ambalo Mjomba anasema halipatikani sokoni.

Kantini aliipangia sosi hiyo siku ya Jumatano, pamoja na vibonge vya nyama, na vibonge ndivyo vilivyomtoa jasho. Jumatano ya kwanza vilitoka vigumu kupindukia. Kimoja kilimponyoka dereva wa lori, kikadunda sakafuni na kubingirika hadi chini ya kabati la sahani, na kantini nzima ikashangilia kama imeona bao. Aliyemaliza kesi ni mkaguzi wetu wa ubora, tunayemwita Kidole kwa sababu kazi yake ni kubonyeza sponji na kutazama kama inarudi. Alibonyeza kibonge kwa dole gumba, akangoja, akatikisa kichwa na kutangaza kwa sauti ya kikazi, "Mjomba, hiki hakirudi. Hiki ni cha kutupa."

Mpishi mwingine angenuna wiki nzima. Mjomba alivua aproni akaenda kusimama karibu na mafundi wanaochanganya sponji. Aliwauliza godoro linapataje ulaini, wakamwambia kwamba kazi yote ni hewa, na kwamba ukiikandamiza umeiua. Alirudi jikoni na elimu hiyo. Tangu hapo huloweka mkate wa jana kwenye maziwa, huuchanganya na nyama, yai na kitunguu kilichokunwa, tena kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mwa mtoto aliyelala. Hakuna kukanda wala kubana. Kidole alibonyeza tena, kibonge kikarudi, naye akakipitisha kwa heshima zote. Desturi ikabaki: kila Jumatano kibonge cha kwanza ni cha kubonyezwa, na hakuna anayeinua uma kabla Kidole hajaitikia kwa kichwa.

Desturi nyingine ni ile ya waonjaji. Miaka tisa hivi iliyopita Mjomba aliugua homa kali, akalazwa, akarudi amekonda lakini akitania vilevile. Tangu arudi, kila Jumatano sosi ikikaribia kuiva, alianza kumwita mtu mmoja aje jikoni aonje: leo mshonaji, wiki ijayo mlinzi wa geti, wiki nyingine mhasibu. Alimpa kijiko na kumuuliza maswali kama daktari. Chumvi unaisikia mwanzo au mwisho? Uchachu unakukamata wapi? Kuitwa kukawa cheo. Watu walijigamba kwenye foleni kwamba Mjomba anawaamini wao kuliko wengine, na dereva wa lori hakusema na mlinzi kwa siku kadhaa kwa sababu mlinzi aliitwa mara mbili.

Habari za kustaafu zilipotoka, furaha ilipungua haraka. Uongozi ulisema wazi kwamba asipopatikana wa kulishika jiko, litafungwa, na chakula kitaletwa kutoka nje kwenye maboksi. Macho yote yalimgeukia msaidizi wake, ambaye Mjomba mwenyewe alimbandika jina la Binti Chumvi kwa sababu ya mkono wake mzito. Naye alikataa katakata. Alisema kukata na kukaanga anaweza, lakini sosi ya Jumatano haigusi. "Mjomba, mimi nitawaaibisha," alimwambia mbele ya wasukuma mikokoteni waliokuja kuchukua chai. "Ulimi kama wako mimi sina."

Mjomba alicheka mpaka akashika sinki. Kisha akawaomba wale wengine watoke, akamwambia jambo ambalo mpaka siku hiyo lilijulikana na mkewe peke yake, na ambalo leo tunaliandika hapa kwa ruhusa yake: "Ulimi huo hata mimi sina, binti yangu."

Ile homa ilikuwa imeondoka na pua na ulimi wake. Kwa miaka yote tisa hajanusa kitunguu wala kuonja chumvi. Aliogopa kusema, asije akarudishwa kwenye cherehani au nyumbani kabla ya wakati. Basi akapika kwa kilichobaki. Aliitegea sosi sikio, maana ikiwa changa hurukaruka na kupiga kelele, na ikiiva hukohoa taratibu kama mzee aliyeshiba. Vibonge alivijua kwa vidole. Ladha akaikopa kwetu, kijiko kwa kijiko. Wote mliojigamba kwenye foleni, poleni sana. Hamkuwa vipenzi, mlikuwa vifaa vya kazi.

Alimwambia Binti Chumvi kwamba waonjaji hao hawastaafu naye, wanabaki wote, na kila mmoja anajua pa kuishika sosi hiyo kwa ulimi.

Jumatano iliyopita Binti Chumvi alipika. Aliwaita waonjaji, akapunguza mkono, akaongeza rihani pale mhasibu aliposisitiza. Mjomba alikaa mezani na sisi, bila aproni, yeye tuliyezoea kumwona akiwa amesimama. Kidole alibonyeza, akaitikia. Mjomba alikata kibonge, akakitafuna, akaweka uma chini na kuinua kichwa. Hakuwa akitazama sahani. Alikuwa anasikiliza ukumbi, kama alivyousikiliza kwa miaka tisa kutoka dirisha la jikoni. Kantini ikipiga soga, alituambia baadaye, ujue kuna kitu kimepungua.

Hakuna aliyesema neno. Zilisikika uma tu. Mjomba akamgeukia msaidizi wake aliyekuwa amejikunja mlangoni na taulo mkononi, akamwambia, "Ndiyo yenyewe. Leta na mkate wa kufutia sahani."

Jiko halifungwi. Mjomba, ahsante kwa kutulisha, na ahsante kwa kutuamini kwa kitu ulichokuwa umepoteza. Tunakutakia afya, mapumziko marefu na siku tulivu pamoja na mama nyumbani, ambaye tunasikia hataki kukuona jikoni kwake. Jumatano kiti chako ni kile cha karibu na dirisha. Usilete kitu, njoo na masikio yako tu.