Maisha ya Émilienne Apendeki, Aliyekusanya Sauti za Babembe

Ndugu wote mliotoka Kilembwe, Fizi-Centre na humu Baraka, tunawashukuru kwa kuketi nasi tangu juzi. Mimi ni Alphonse Wilondja, mwalimu mstaafu, kaka mkubwa wa marehemu, na ninasoma maisha yake kwa sababu niliiomba kazi hii mwenyewe, ingawa wako waliotaka yasomwe na mwingine.

Émilienne Apendeki alizaliwa Kilembwe tarehe 14 mwezi wa tatu 1979, mtoto wa tano na wa mwisho wa marehemu Bonaventure Wilondja na mama Immaculée, aliye hapa mbele yetu. Alianza shule ya msingi palepale mwaka 1985, na vita vya 1996 vilipotuvusha ziwa hadi Kigoma, alimalizia sekondari katika kambi ya Nyarugusu mwaka 1999, akiwa wa kwanza darasani, na baba akawaita majirani wa kambi kula na kucheza, jambo ambalo hakunifanyia mimi nilipopata diplôme yangu. Ndipo wivu wangu ulipoanzia, naye hakujua.

Tuliporudi nchini aliolewa na Déogratias Asukulu, mvuvi wa hapa Baraka, tarehe 22 mwezi wa saba 2006, wakajaliwa watoto watatu, Fanny, Bertin na Chérie, na kuanzia mwaka 2007 alifundisha Kifaransa katika sekondari ya hapa.

Mwaka 2019 alianza kurekodi kwa telefone bamama wakizungumza Kibembe, wakieleza mihogo yao, uzazi, homa za watoto, akifuata maneno niliyokusanya mimi katika madaftari kwa miaka ishirini. Aliniomba kwa heshima, nikampa, nikidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Alitueleza kwamba Amerika, Uchina na Ulaya wanashindania akili bandia, ile ambayo vijana wetu wanaiita IA, mashine inayosikia na kujibu, na kwamba nchi isiyojiwekea mpango wake itauziwa hata maneno yake yenyewe, hata mgonjwa wa Kilembwe ahojiwe na mashine kwa lugha asiyoijua. Mwaka 2023 kampuni moja ya ng'ambo ilituma mtu wake kutaka sauti zote ziwe mali yake, Émilienne akakataa, akisema zingeondoka kama dhahabu ya Lulimba, na redio zikamtaja, na kule Fizi watu niliowafundisha kusoma wakaanza kuniita kaka ya madamu Émilienne.

Tarehe 2 mwezi wa kumi 2024 ilifika Fizi-Centre barua kutoka Kinshasa, ya kamati iliyokuwa ikiandaa mpango wa taifa wa akili bandia, ikimwita Émilienne kueleza habari za lugha zetu katika kikao cha tarehe 18, na kwa kuwa namba yake waliyokuwa nayo haikupatikana tena, watu wa bureau, ofisi ya serikali ya pale, walinikabidhi mimi ninayeishi Fizi nimfikishie. Niliisoma, nikatafuta jina langu ndani, sikuliona. Nilikaa nayo siku kumi na tatu, nikijiambia kila asubuhi kwamba gari la kwenda Baraka limejaa, na nilipoituma tarehe 15, muda wa boti hadi Uvira, barabara hadi Bukavu na ndege hadi Kinshasa haukutosha tena. Alifika tarehe 20, akakuta viti vimeshakunjwa, na orodha ya lugha zitakazoingia katika mpango ilikuwa imefungwa bila Kibembe.

Mhuri wa kupokelewa ulimwonyesha tarehe. Alipanda Fizi, akaketi sebuleni kwangu, akaiweka barua mezani, nami sikukana. Hakupaza sauti, aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema hivi: "Yaya, hii barua haukufungia mi peke yangu, ulifungia bamama bote benye balinipatia sauti. Sasa kuya Baraka, tumalizie kazi."

Nilitelemka kuja Baraka kama alivyoniambia. Kwa miezi mitano tuliandika maneno ya kila sauti, yeye akisikiliza, mimi nikiandika, huku ugonjwa wa figo ukiwa umeshamshika, na mwezi wa nne 2025 akalazwa hospitali. Tarehe 12 mwezi wa sita kamati ilikubali kumsikiliza kwa telefone, akiwa kitandani, mimi nikiwa nimemshikia telefone, na mmoja wao alimuuliza kwa nini hakuonekana katika kikao cha kwanza. Nilingoja jina langu. Akajibu, "Njia ilikuwa mubaya," kisha akaendelea kuwaeleza kwamba sauti lazima zikae nchini, na zisitumiwe bila ruhusa ya waliozitoa. Siku ile nilimwonea wivu hata wema wake, kwa kuwa nilijua mimi nisingeweza.

Mwezi wa nane walituandikia kwamba Kibembe kimeingia katika orodha, na ombi lake la ruhusa limeandikwa katika mpango, ingawa mpango wenyewe haujatiwa sahihi hadi leo. Juu ya mkusanyo wa sauti alioutuma Kinshasa, aliandika majina mawili, la kwangu kwanza.

Émilienne alifariki hapa Baraka Jumapili tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake, akiacha mama, mume, watoto watatu na ndugu.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia miezi saba, majirani waliopika na kufagia, walimu wenzake waliochukua masomo yake, wavuvi waliomchimbia kaburi, na bamama waliomwamini wakamkabidhi sauti zao.

Mimi ndiye niliyezaliwa wa kwanza, Émilienne, na leo tena umenitangulia. Basi pumzika, mudogo wangu, kwa amani yote.